Uzito wa Gunia Tupu

Muuguzi Agripina kanipa karatasi
iliyokunjwa mara mbili, ina mistari mitatu.
"Chagua mwenyewe, karani. Njia ya kuchaguliwa
haitakufikisha hata Kitangari."
Nikaitia mfuko wa shati,
mfuko uleule wa pakiti.
Zikalala pamoja hazisemeshani, kama mawifi.

Mstari wa kwanza: kukata mara moja.
Huo naujua. Nimesimama Shimo la Mungu
ukungu ungali bondeni,
nikapiga bismillahi, nikarusha pakiti
na kiberiti chake.
Mara tatu nimerusha.
Mara tatu, kabla ya adhuhuri,
nimesimama dukani kwa Likwena
nikijifanya nimefuata chumvi.
Nyumbani tuna chumvi ya miaka miwili.

Mstari wa pili: kupunguza.
Leo kumi na tano, kesho kumi na nne.
Haba na haba hujaza kibaba, sikatai,
ila kukimwaga kibaba kwa haba na haba
kunataka mkono usiotetemeka.
Nilipofika saba, ile ya saba ilinoga
kuliko zote zilizokwenda zake.
Nikaanza kuzikata katikati
na kuhesabu nusu kuwa si kitu.
Mimi!
Ninayemfokea kibarua kwa robo kilo.

Mstari wa tatu: kibandiko cha ngozini
au dawa ya kutafuna, mpaka Mtwara mjini.
Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi,
na bei yenyewe,
na malipo ya pili ya korosho bado tunayasikia redioni.

Wa nne haumo kwenye karatasi.
Ni wa Nangolo mpakiaji: "Dawa ya moto ni moto."
Aliacha sigara, akahamia ugoro.
Sasa ukuta wa ghala una michirizi ya kahawia
naye anajisifu hatoi moshi.

Nimekaa na mizani miaka kumi na tisa.
Kabla ya korosho, tunapima gunia tupu,
uzito wake tunautoa,
mnunuzi asilipie katani.
Usiku huu nimezipima zangu, moja moja.
Ile ya baada ya chai: gunia,
mkono umezoea kushika kitu.
Ile ya mnadani, bei zikisomwa: gunia.
Ile ya kumsikiliza Nangolo:
gunia, tena limetoboka.
Lakini ya alfajiri,
kabla sijaitikia salamu ya Somoe,
kifua kikiidai kama mwenye deni mlangoni,
hiyo ni korosho yenyewe,
daraja la kwanza, kavu, inalia ukiitikisa.

Basi magunia yote, mstari wa kwanza.
Kwa hiyo moja, nitakwenda Mtwara.

Agripina kasoma mahesabu yangu, kajikuna shavu.
"Hii haimo kwenye mwongozo."
Kisha kaandika pembeni: Jumatatu,
baada ya mnada wa mwisho, siku ya kufagia ghala.
"Usiache siku ya bei," kasema,
"na barua ya hospitali nitakuandikia mimi.
Kuomba dawa si unyonge."

Jumatatu ni keshokutwa.
Jana nilimwambia Somoe habari ya chumvi,
nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja mtungi.
Kacheka mpaka kashika ukuta.
"Ulidhani sijui? Mume anatumwa mafuta ya taa
anarudi na chumvi, ananuka moshi!"
Akaivuta ndoo uvunguni,
akazigawa pakiti, nyumba hii, nyumba ile,
majirani wakauliza kuna shughuli gani.

Moja kaibakiza, kaiweka juu ya kabati
ninapoiona nikiwa kitandani.
"Hiyo usiiguse," kasema.
"Ukitaka kwenda kwa Likwena, nenda.
Ila usije ukaniambia
chumvi imekwisha."